Maswali ya Wasomaji: Nyonga ya kuku na "mjusi" wa Songwe

SWALI: Mhariri, shikamoo. Wanafunzi wangu wanauliza kuhusu yule mjusi mkubwa aliyechimbwa huku Songwe. Mwalimu mwenzangu anabisha kwamba dinosauri si mjusi. Wote si wana mkia na magamba?
Msomaji, Mbalizi, Mbeya

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na ushahidi unauzwa sokoni. Nunua kuku mzima na umwombe muuzaji asimkate mgongo, maana panga la vipande vya mchuzi hupita palepale tunapopataka. Mchemshe kwa moto mdogo mpaka nyama iachie, kisha uchomoe paja. Pale kichwa cha mfupa wa paja kilipokuwa kimekaa, nyonga imetoboka kabisa. Utando mwembamba huziba tundu hilo, na usipoukwangua utadhani ni kikombe.

Mjusi wa ukutani ana kikombe kweli, chenye kitako. Mapaja yake yametanuka pembeni, kwa hiyo uzito husukuma mfupa kuelekea ndani, na bila kitako ungepenya. Dinosauri alisimamisha miguu wima chini ya kiwiliwili kama ng'ombe. Uzito ulibebwa na ukingo wa juu wa nyonga, kitako kikakosa kazi. Mkia na magamba havitofautishi kitu. Mamba naye anavyo.

Ukishaishika nyonga ya kuku, tazama pia vijiti viwili vyembamba vilivyolala kuelekea mkiani, yaani mifupa ya kinena. Mwaka 1887 Harry Seeley, mtaalamu wa visukuku wa Uingereza, aligawa dinosauri wote kwa mfupa huo: ukielekea mbele, nyonga ya mjusi, ukielekea nyuma, nyonga ya ndege. Ajabu ni kwamba ndege wenyewe wametokana na kundi la nyonga ya mjusi, na mfupa wao uligeukia nyuma baadaye. Majina hayo ni mabaya, ila yameshazoeleka.

Na wa Songwe si mmoja. Rukwatitan alitangazwa 2014, Shingopana 2017, wote titanosauri, wala majani wenye shingo ndefu. Shingopana ni Kiswahili kitupu: miiba ya juu ya pingili zake za shingo imevimba. Mifupa yake ina matundu ya wadudu, maana yake mzoga ulikaa wazi kabla ya kufukiwa. Kuwatenganisha wawili hawa ni kupambanisha mfupa na mfupa wa aina ileile, mkono wa juu kwa mkono wa juu. Pingili ya mmoja na paja la mwingine hazikupi jibu lolote.

SWALI: Nasikia dinosauri wa kwanza duniani alitoka huku kwetu Manda. Ni kweli?
Msomaji, Ludewa, Njombe

JIBU: Huenda. Anaitwa Nyasasaurus parringtoni, kwa heshima ya Ziwa Nyasa na ya Rex Parrington, mwanasayansi wa Uingereza aliyekusanya mifupa hiyo miaka ya 1930. Ilikaa kabatini hadi mwishoni mwa 2012 ndipo jina likatangazwa rasmi, kwa umri wa takriban miaka milioni 243. Kilichopo ni kipande cha mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa.

Hata hivyo kipande hicho kinasema mengi. Tuta la kushikia misuli ya bega linachukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa mfupa, kama ilivyo kwa dinosauri. Mfupa ukikatwa kipande chembamba sana na kutazamwa kwa hadubini, nyuzi zimejipanga ovyoovyo, alama ya mnyama aliyekua haraka. Kinachokosekana ni nyonga. Tusipoona lile tundu la kuku wetu, anabaki ama dinosauri wa mapema kuliko wote tunaowajua, ama binamu wa karibu sana. Anayekuambia "ni wa kwanza, basi" ameruka hatua.

Jirani yake wa bonde hilohilo la mto Ruhuhu, Teleocrater, alitambulishwa 2017. Yumo katika ukoo wa ndege na dinosauri, lakini alitembea kwa miguu minne na kifundo chake cha mguu ni kama cha mamba. Kwa hiyo kifundo cha namna hiyo, kikiwa peke yake, hakitoshi kumtupa mnyama upande wa mamba.

SWALI: Nimeona kipande kizito kama mfupa kwenye korongo la Isimila. Dinosauri?
Msomaji, Iringa

JIBU: Hapana. Dinosauri wasio ndege walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Isimila ni ya watu waliochonga zana za mawe, na mifupa yake ni ya tembo na viboko. Kama ni mfupa, pale ulipovunjika utaona vitundu kama vya sifongo. Jiwe la kawaida halinavyo. Usiung'oe. Mfupa uliotolewa bila tabaka lake kuandikwa hupoteza umri wake, na uliokauka hupasuka ukivutwa. Wataalamu huuvika kwanza karatasi iliyolowa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, ndipo hukata udongo chini yake. Karatasi ikisahaulika, plasta hung'oka na ngozi ya mfupa. Wewe piga picha ukiweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, andika mahali, kisha mwonyeshe mhifadhi wa kituo.