Tumestaafu Mapema, Fedha Zinakwenda Wapi?

Mwezi huu nimechagua barua tatu kutoka kwa watu walioacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kwa lazima. Kila mmoja ana shida yake, lakini wote watatu wanauliza namna ya kuendesha nyumba pale mshahara unapokoma huku miaka ya kula na kuvaa ikiwa bado mingi.

SWALI: Nina umri wa miaka 52 na mume wangu ana miaka 54. Tulistaafu kwa hiari miezi 14 iliyopita, tukiwa hatudaiwi na watoto wetu wakiwa wanajitegemea. Tuliunganisha kiinua mgongo chake na akiba yangu ya miaka mingi, tukaona tunaweza kuishi bila wasiwasi. Gharama za chakula, umeme, maji na usafiri zimepungua kidogo kuliko tulipokuwa kazini. Hata hivyo, wiki iliyopita nilipiga hesabu nikakuta tumekwishatumia asilimia 18 ya fedha zote. Hatunywi pombe wala hatupendi anasa. Fedha zinakwenda wapi? (Mama wa Watoto Watatu)

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, na umefanya vyema kupiga hesabu sasa badala ya kungoja mwaka wa tatu. Kwa kasi hiyo, tukiacha kando faida yoyote ambayo akiba yenu inazalisha, hazina yote ingekwisha katika muda wa takriban miaka 6 na nusu tangu siku mlipostaafu, nawe ukiwa bado hujatimiza miaka 60.

Tazama ulichoorodhesha katika barua yako: chakula, umeme, maji, usafiri. Hayo ni matumizi yanayorudi kila mwezi, na kwa sababu yanarudi kila mwezi, macho yenu yameyazoea na mnayadhibiti vizuri. Kinachotoboa akiba ya mstaafu, kwa jinsi nilivyoona katika barua nyingi ninazoletewa, ni matumizi yasiyo na mwezi maalumu. Chukueni taarifa ya benki ya miezi yote 14, mkae mezani wawili, na kila mlipotoa kiasi kinachozidi chakula cha wiki moja mkizungushie duara kwa kalamu. Nadhani mtakuta paa lililovuja, gari lililohitaji kifaa kikubwa, jino lililong'olewa na kuwekwa jingine, shemeji aliyekopeshwa, mchango wa harusi, na friji iliyokufa. Kila moja lilikuwa na sababu njema, na juu ya kila moja mlisema, "Hili ni la mara moja tu." Paa haliharibiki kila mwaka, ni kweli, lakini kila mwaka kuna kitu kinachoharibika, kwa hiyo jumla ya hayo yote ni gharama ya kudumu kama ilivyo chakula.

Nasema hivi nikiwa nimeumia mwenyewe. Nilipoacha kazi nilikuwa na daftari la mistari ambamo niliandika kila kitu hadi kiberiti, na kwa miezi kumi jumla ya kila ukurasa ilinifurahisha. Mwezi wa kumi na moja ikaja ankara ya bima ya afya ya mwaka mzima, ambayo mwajiri alikuwa akiilipia sehemu kubwa bila mimi kuiona, kwa kuwa ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Daftari langu halikuwa na nafasi yake hata mstari mmoja. Nilikaa na karatasi ile hadi usiku, kisha kesho yake nikauza sehemu ya uwekezaji wakati bei ikiwa chini, jambo ambalo lingeepukika kama ningeigawanya gharama ile kwa 12 tangu siku ya kwanza.

Ninachowashauri, na ndicho ninachokiamini kuliko shauri jingine lolote katika jambo hili, ni kwamba mjilipe mshahara. Fedha za mkupuo zina tabia ya kuonekana nyingi hata zinapopungua, kwa sababu kiasi unachochota leo ni kidogo ukilinganisha na kilichobaki, ilhali mshahara una mwisho ambao kila mtu nyumbani anauona. Fungueni akaunti tatu. Ya kwanza ni hazina yenyewe, ambayo haiguswi kwa matumizi ya siku. Ya pili ni ya matumizi, na ndiyo inayopokea mshahara wenu kutoka katika hazina tarehe ile ile ya kila mwezi. Ya tatu ni ya yale yasiyo na mwezi: jumlisheni bima, kodi ya nyumba au ya ardhi, matengenezo, matibabu yasiyolipiwa na bima, misaada kwa ndugu na michango, mgawanye kwa 12, na kiasi hicho kiingie humo kila mwezi hata kama mwezi huo hakuna kilichoharibika. Paa likivuja, jibu litoke katika akaunti ya tatu, na kama haitoshi, ukarabati usubiri au mshahara wa miezi inayofuata upunguzwe.

Je, mshahara huo uwe kiasi gani? Mwaka 1994, mshauri wa fedha wa Marekani aitwaye William Bengen alichapisha uchunguzi wake kuhusu swali hilo, akitumia takwimu za hisa na hati fungani (yaani mikopo ambayo wananchi huikopesha serikali au kampuni kwa riba) za nchi yake kuanzia mwaka 1926. Aliona kwamba mstaafu aliyechota takriban asilimia 4 ya akiba yake katika mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, alidumu na fedha zake kwa angalau miaka 30, hata alipoanza katika nyakati mbaya. Ndipo ilipotoka kanuni ambayo wengi huisikia, kwamba mtu anahitaji akiba mara 25 ya matumizi yake ya mwaka, yaani mara 300 ya matumizi ya mwezi.

Kanuni hiyo ina mipaka miwili inayowahusu ninyi moja kwa moja. Kwanza, ilipimwa kwa miaka 30, na anayestaafu akiwa na miaka 51 au 52 anaweza kuhitaji fedha kwa miaka 40 au zaidi, ndiyo maana wengi wanaoacha kazi mapema hushusha kiwango hadi asilimia 3 au 3.5. Pili, inatokana na masoko ya nchi moja, na inadhani kwamba karibu nusu ya akiba au zaidi imewekwa kwenye hisa, kwa hiyo mtu aliyeweka fedha zake zote katika akaunti ya kawaida yenye riba ndogo hawezi kuitegemea. Ninyi mmechota asilimia 18 katika miezi 14, ambayo ni zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Hata mkizitoa zile gharama ambazo kweli hazitarudi, bado mko mbali, na ni afadhali mjue hivyo mkiwa bado na zaidi ya sehemu nne kati ya tano za fedha zenu mkononi.

Msisahau pia mfumuko wa bei, ambao hauonekani katika taarifa yoyote ya benki. Gawanya 72 kwa kiwango chake cha mwaka, nawe utapata takriban idadi ya miaka inayohitajika ili bei ziwe mara mbili. Kwa asilimia 6, bei huwa mara mbili kila baada ya miaka 12, kwa hiyo kikapu unachokinunua leo ukiwa na miaka 52 kitagharimu mara mbili ukiwa na miaka 64, na mara nne ukifika 76. Katika takwimu za Marekani, wastaafu walioteseka kuliko wote hawakuwa wale wa mwaka 1929, wakati soko la hisa lilipoporomoka, bali walioanza kustaafu katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, ambao bei za miaka ya 1970 ziliwala polepole. Kwa sababu hiyo siwezi kukushauri uzifungie fedha zote mahali "salama" ambapo riba haifikii mfumuko wa bei.

SWALI: Niliacha kazi nikiwa na miaka 47, na sehemu kubwa ya akiba yangu iko kwenye hisa. Mwaka wangu wa kwanza soko lilishuka, nami nimekuwa nikiuza kidogo kidogo kila mwezi ili familia ile. Rafiki zangu wananiambia niuze zote kabla hazijaisha. Mke wangu anasema nitafute kazi tena, lakini naona aibu. (Baba Mwenye Aibu)

JIBU: Bwana, tuanze na hesabu, kwa maana inaonyesha kwa nini mwaka wa kwanza una uzito kuliko mwaka wa kumi na tano. Chukua wastaafu wawili, kila mmoja ana 100 na kila mmoja anachota 5 mwanzoni mwa mwaka. Wa kwanza anakutana na hasara ya asilimia 20, kisha faida ya asilimia 10, kisha faida ya asilimia 25. Wa pili anakutana na miaka ile ile kwa mpangilio wa kinyume. Kama wasingechota chochote, wote wawili wangemaliza miaka mitatu wakiwa na 110. Kwa kuwa wanachota, wa kwanza anabaki na takriban 91, na wa pili na takriban 96. Soko limewapa matokeo yale yale, ila aliyeanza na hasara aliuza alipokuwa na kidogo, na kile alichokiuza hakikuwepo bei zilipopanda.

Kwa hiyo kinachokuumiza ni kuuza bei ikiwa chini. Rafiki zako wanakushauri uuze hivyo hivyo, tena zote kwa siku moja, nami sikubaliani nao. Mke wako ndiye aliyeliona jambo lilipo. Kazi ya muda, hata ya siku tatu kwa wiki, ikilipa nusu ya matumizi ya nyumba, inapunguza kwa nusu kiasi unacholazimika kuuza, na miaka miwili ya namna hiyo mwanzoni ina faida kubwa kuliko miaka miwili ya kazi utakapokuwa na miaka 65 na magoti yanauma. Bei zitakapopanda, tenga matumizi ya mwaka mmoja au miwili katika akaunti ya akiba au hati fungani za muda mfupi, ili soko likishuka tena mshahara wenu utoke huko na hisa ziachwe zipone.

Kuhusu aibu, nakuomba uifikirie kwa upole. Uliacha kazi kwa fedha zako mwenyewe ukiwa na miaka 47, na leo unarudi kwa masharti unayoyachagua, saa unazozitaka, ukiwa na akiba nyuma yako. Hujamdhulumu mtu, wala hujashindwa.

SWALI: Mume wangu alistaafu mwaka jana akiwa na miaka 50, nami nilikwishaacha kazi kabla yake. Tumeishi miaka 26 bila kugombana kuhusu fedha. Sasa anasimama nyuma yangu jikoni akiwa na risiti, anauliza kwa nini nimenunua sabuni wakati nyingine haijaisha. Nimeanza kutamani arudi kazini. (Mke Aliyechoka)

JIBU: Dada, pole sana, na ujue kwamba hauko peke yako. Mtu aliyeleta mshahara nyumbani kwa miaka mingi alikuwa na njia moja ya kuonyesha kwamba anaitunza familia. Njia hiyo imefungwa kwa siku moja, na hofu yake, isipopata mahali pa kwenda, inaishia kwenye sabuni. Haimaanishi kwamba hana imani nawe.

Mpe eneo kamili la kusimamia, si la kusaidia: ankara za mwaka, bima, matengenezo ya nyumba na kufuatilia uwekezaji. Hizo ndizo gharama kubwa, na jicho lake kali lina kazi zaidi huko kuliko jikoni. Kisha kila mmoja wenu awe na posho yake ya mwezi, sawa kwa sawa, ambayo hatoi maelezo wala kuulizwa, hata akiitumia yote siku ya kwanza. Matumizi ya jikoni yapangiwe kiasi, wewe uyasimamie, na mazungumzo ya fedha yafanyike mara moja kwa mwezi, kwa saa moja, mezani, wote wawili mkiwa na karatasi mbele yenu.

Usilianzishe jambo hili akiwa ameshika risiti. Ngoja asubuhi ambayo nyote mmelala vizuri, ukae naye, na kabla hujamwambia lolote kuhusu akaunti au posho, muulize ni kitu gani hasa anachokiogopa, kisha umwache azungumze hadi amalize.