Ukisomewa Shtaka Katika Mahakama ya Jiji

SWALI: Mhariri mpendwa, pokea salamu zangu. Mimi huuza mitumba hapa Nairobi. Wiki iliyopita nilikamatwa na askari wa kaunti kwa madai kwamba nachuuza bila kibali, nikafikishwa katika Mahakama ya Jiji pamoja na wachuuzi wengine wengi. Tukiwa mahabusu, mwenzetu mmoja ambaye si mgeni wa kukamatwa alitushauri sote tukiri ili tulipe faini na kurudi nyumbani kabla ya jua kutua. Nami nilikiri, ilhali kibali ninacho; siku hiyo nilikuwa nimekisahau nyumbani. Je, hakimu yule ameajiriwa na kaunti ileile iliyonikamata? Na kama ningekana, ningelala rumande? — Mama wa watoto watatu, Nairobi.

JIBU: Dada yetu, pole kwa yaliyokufika. Nitaanza na hakimu, kwa sababu wengi hulikosea jambo hilo na kosa hilo huwafanya wakate tamaa hata kabla hawajafungua kinywa. Mahakama ya Jiji hukaa City Hall, palepale penye ofisi za kaunti, na kesi zake nyingi zinatokana na sheria za kaunti: uchuuzi, vibali vya biashara, utupaji taka na mengineyo ya aina hiyo. Ndiyo maana mtu akipandishwa ngazi zile hudhani amepelekwa kwa mwajiri wa askari waliomkamata. Sivyo. Hakimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mahakama haiwi chini ya amri ya mtu wala mamlaka yoyote katika kuamua kesi. Ofisa anayekushtaki anaweza kuwa wa kaunti, lakini hata yeye huendesha mashtaka kwa idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo unaposimama kizimbani, mtu aliye mbele yako hana deni kwa aliyekukamata, na una kila sababu ya kumweleza ukweli wako.

Kuhusu kulala rumande, soma kifungu cha 49 cha Katiba hiyo, au mwombe mtoto wako mkubwa akusomee. Kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote isizidi saa 24, isipokuwa saa hizo ziishe wakati mahakama imefungwa, ndipo afikishwe siku ya kazi inayofuata. Kisha kinaongeza neno ambalo natamani kila mchuuzi angelijua kwa moyo: mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya sheria za kaunti ni madogo kiasi hicho, ingawa si yote, na ndiyo sababu ni haki yako kumuuliza hakimu adhabu ya shtaka lako ni ipi. Hata pale kosa linapokuwa zito zaidi, kuna haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi. Hofu ya kulala ndani ndiyo iliyokufanya ukiri, na kwa kesi kama yako huenda haikuwa na msingi.

Sasa nifike kwenye kukiri kwenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo penye uzito. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ilieleza hatua ambazo mahakama lazima izifuate kabla ya kumtia mtu hatiani kwa kukiri kwake, na mahakama za Kenya huzifuata hadi leo. Kwanza, shtaka na kila sehemu ya kosa lenyewe husomwa na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Asipofahamu lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Jibu lake huandikwa kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, mwendesha mashtaka hueleza mambo yalivyotokea, na mshtakiwa huulizwa kama anakubaliana na maelezo hayo. Akiyapinga, au akitaja jambo linaloonyesha kwamba huenda hana kosa, kukiri kwake hufutwa na kuandikwa kwamba amekana.

Tazama mlango ulioachwa wazi hapo. Ungesema tu, “Ni kweli nilikuwa nauza, lakini kibali ninacho nyumbani,” maneno hayo mafupi yangemlazimu hakimu asimame na kulichunguza shtaka upya, kwa kuwa kuuza bila kibali na kuuza ukiwa umesahau kibali si lazima liwe kosa moja. Hukuhitaji wakili wala Kiingereza. Ulihitaji kusema ukweli wote badala ya nusu yake.

Mwenzenu wa mahabusu hakuwatakia mabaya, lakini hakuwaambia kinachofuata. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri hawezi kukata rufaa Mahakama Kuu kupinga hatia hiyo; kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, anaweza tu kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu. Kinachobaki ni kuonyesha kwamba hatua nilizozitaja hazikufuatwa. Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14, nawe umeniandikia kabla hazijaisha, kwa hiyo usingoje: nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala ya mwenendo wa kesi, kisha uipeleke pamoja na kibali chako kwa watoaji wa msaada wa kisheria wasiotoza ada, kama vile Kituo Cha Sheria.

Sitakuficha kwamba kukana nako kuna gharama. Kesi itapangiwa tarehe, utarudi mara mbili au tatu, na kila siku ya mahakama ni siku ambayo hukuuza. Mwenye kosa kweli, ambaye hana la kujitetea, hafanyi vibaya kukiri na kumaliza. Naye asisahau kwamba kabla ya adhabu hupewa nafasi ya kujieleza. Hapo ataje watoto, kipato chake na kama ni mara yake ya kwanza, kwa sababu hakimu anaweza kumwachilia bila adhabu au kumpa kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 1998 badala ya faini. Mali iliyochukuliwa nayo aiombee amri palepale, na faini ailipe kwa njia rasmi ya mahakama na kupewa risiti, kamwe asimkabidhi mtu pesa mkononi kwenye korido.

SWALI: Mteja alichukua bidhaa zangu za shilingi 85,000 kwa mkopo na sasa hapokei simu. Naweza kumshtaki Mahakama ya Jiji? — Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, hapo si mahali pake. Deni kama hilo hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016 na inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi ikamilike ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Beba risiti, jumbe za simu na karatasi yoyote yenye sahihi ya mteja huyo.