Vijana 48 wa mjadala mtawapataje? Anzeni na namba za nyumba

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi 12 wa mwaka wa pili hapa Mwanza. Tunataka kukusanya vijana wa miaka 15 hadi 24 wa kata iliyo jirani na chuo, wajadiliane siku nzima kisha watoe mapendekezo kwa uongozi wa kata. Tumesoma kuhusu demokrasia ya mashauriano, yaani wananchi wa kawaida kujadiliana kwa kina kabla ya kutoa maoni, na tumeipenda, ila tumekwama. Tutawapataje washiriki bila kuishia kwa rafiki zetu na wale wanaojua kuongea? Mada tumefikiria iwe "ajira kwa vijana". Wenzangu wanauliza pia kama tuwape vyeti.

Jibu: Marahaba, wanangu.

Niimalize mada kwanza. Ajira iacheni. Kata haina ajira ya kugawa, kwa hiyo mtapata siku nzima ya manung'uniko na mtendaji wa kata atapokea karatasi asiyoweza kuifanyia lolote. Tafuteni jambo ambalo yeye na kamati ya maendeleo ya kata wanaweza kuliamua, au angalau kulisukuma hadi halmashauri. Hapo Mwanza mnalo machoni: taka za nyumba za mlimani, kwenye mawe, ambako gari halipandi. Ziteremshwe na nani, zikusanywe wapi, na nani alipe? Kila jibu lina mtu litakayemuuma, na ndiyo maana linahitaji mashauriano. Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Makerere kiliposhirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kuendesha mijadala ya aina hii mashariki mwa Uganda, wananchi wa Bududa na Butaleja hawakuulizwa kuhusu umaskini kwa jumla. Waliulizwa mambo kama kuhamishwa kutoka kwenye maporomoko na mafuriko yaliyokuwa yakiwaua.

Kabla hamjamwalika mtu yeyote, pateni barua ya mtendaji inayosema atajibu mapendekezo kwa maandishi, na tarehe ya kujibu iwemo. Asipokubali, badilisheni mada au badilisheni kata.

Sasa washiriki, ambako kazi nyingi iko. Tanzania tunao mfano mkubwa wa 2015, kuhusu gesi asilia: watu wapatao 2,000 walihojiwa nchi nzima, na 400 kati yao wakaalikwa Dar es Salaam kujadiliana kwa siku mbili. Hawakutangaziwa redioni kwamba anayependa aje. Walichaguliwa kwa bahati nasibu. Mkibandika tangazo mtawapata wenye muda, wenye ulimi na wenye chama, na hao wanasikika tayari bila nyinyi.

Nyinyi ni 12. Wekeni makundi sita, kila moja na mwezeshaji mmoja na mwandishi mmoja. Kundi likizidi watu wanane wawili watalala, kwa hiyo lengo ni vijana 48. Alikeni 60, maana wapo watakaokubali Jumatano na kukosekana Jumamosi.

Orodha ya vijana wa kata hamtaipata, na mkimwomba mwenyekiti wa mtaa awatajie, atawatajia anaowajua. Mwombeni idadi ya nyumba. Tuseme kata ina mitaa minne inayokaribiana kwa ukubwa, kila mtaa utoe vijana 15. Mtaa wenye nyumba 300 mnagawanya kwa 15, mnapata 20. Okoteni kikaratasi chenye namba kati ya 1 na 20. Ikitoka 7, mnaanza nyumba ya 7, kisha ya 27, ya 47, hadi mwisho. Vibao vya anwani za makazi vitawasaidia. Visipokuwepo, hesabuni kwa miguu na mchore ramani. Msiruke za juu mlimani kwa sababu jua ni kali. Taka ni za kwao.

Mlangoni msiulize "hapa kuna vijana wangapi?" Mimi niliuliza hivyo miaka mingi iliyopita. Mama mwenye nyumba akanitajia wanawe wawili, na msichana aliyekuwa akiosha vyombo nyuma yake, wa miaka kama 17, hakuhesabiwa na yeyote, nikiwemo mimi. Nilikuja kugundua kwamba katika ukumbi mzima hakukuwa na mfanyakazi wa ndani hata mmoja, na mada yetu siku hiyo ilikuwa maji. Nani huchota maji? Tangu hapo nauliza kama makarani wa sensa: "Usiku wa kuamkia leo, nani wamelala humu?" Nikishapata majina yote, nachuja kwa umri na kwa wanaoishi pale, siyo wageni.

Katika orodha ya nyumba 15 mlizopata, ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, chagueni msichana, zinazobaki, mvulana. Wakiwa zaidi ya mmoja, andikeni majina kwenye vikaratasi, aokote mtu wa nyumba hiyo. Aliyeokotwa asipokuwepo, rudini jioni, rudini Jumapili. Msimchukue kaka yake kwa kuwa tu amekaa kibarazani. Nyumba isiyo na anayefaa, nendeni inayofuata. Najua kijana wa nyumba yenye vijana watano ana nafasi ndogo kuliko aliye peke yake kwao. Kwa ukubwa wenu kasoro hiyo inavumilika, iandikeni tu kwenye ripoti. Walio chini ya miaka 18 wahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na ya kwao wenyewe.

Siku yenyewe, ogopeni shikamoo. Binti wa kidato cha pili aliyemwamkia kaka wa bodaboda asubuhi hatampinga saa nne. Kwa hiyo saa ya kwanza wagawanyeni kwa umri, wadogo peke yao, waandike hoja na maswali yao. Baadaye wachanganyeni, na mwezeshaji azisome hoja hizo bila kutaja nani kasema. Wewe mwezeshaji maoni yako yaache chuoni, pamoja na Kiingereza. Mtaalamu wa afya au wa mazingira aje kujibu maswali yaliyoandikwa na makundi, asije na hotuba. Mheshimiwa diwani aje mwishoni, kupokea.

Dodoso la kupima maoni yao liwe lilelile kabla na baada ya mjadala, maswali kumi yanatosha, na asiyesoma asomewe pembeni. Matokeo yaandikeni kwa watu: "31 kati ya 48." Mkiandika asilimia 64.58 mtaonekana mnaficha udogo wa sampuli.

Nauli iwe sawa kwa wote, itajwe wakati wa kualika, itolewe mwishoni. Msiiite posho, jina hilo huleta ndugu zake. Chakula kiwepo, na mtu wa kushika watoto, maana kati ya wasichana kama 24 hamtakosa mama. Kwa mfanyakazi wa ndani, kamwombeeni ruhusa kwa mwajiri nyinyi wenyewe, na barua ya mtendaji mkononi.

Vyeti wapeni, haviumizi mtu. Ila msivichape mapema kutoka kwenye orodha mliyoandikishwa mlangoni. Subirini majina watakayoyaandika wenyewe siku hiyo, kwa sababu yule msichana wa vyombo, nyumba nzima inamwita "dada" tu.