Re: Kwa nini Les Misérables ya 2012 iligawanya watu?

Mkuu umeuliza kuhusu Les Misérables, ile filamu ya nyimbo iliyotoka kwenye mchezo wa jukwaani, kwa nini wengine walilia kwenye sinema na waliozoea ile ya jukwaani wakatoka wamenuna. Mi naona ugomvi mkubwa uko kwenye sauti. Mwongozaji Tom Hooper aliwaimbisha waigizaji laivu pale pale wakati wa kushuti, sikioni wanasikia piano tu, okestra ikaja kuwekwa baadaye, sasa ukiimba hivyo unaweza kunyamaza kidogo, kulia, kumeza mate katikati ya mstari, na ndo alichofanya Anne Hathaway kwenye ule wimbo wa Fantine, yule mama maskini anayemwigiza, nywele zimekatwa, kamera imeng'ang'ania uso karibu wimbo mzima, sauti inakatikakatika. Oscar alistahili kabisa aisee. Ila shabiki wa jukwaani anataka noti ifike na sauti ijaze ukumbi, ndo maana Russell Crowe kama Javert, yule polisi, alisemwa sana, na mi nawaelewa. Halafu jukwaani wimbo ukiisha watu mnapiga makofi, mnapumua, kwenye filamu sini nyingine inaingia hapo hapo unabaki na hisia zako huna pa kuzipeleka.

Ukitaka iliyowaridhisha wengi tafuta Chicago ya 2002, nayo filamu ya nyimbo, mle nyimbo nyingi zinatokea kichwani mwa Roxie, mhusika mkuu, kwahiyo hujiulizi mbona hawa wameanza kuimba ghafla. Cats ya 2019 ni kesi tofauti, pale waigizaji wanacheza kama paka, watu wakagomea yale manyoya waliyowekewa kwa kompyuta, mpaka ikabidi majumba ya sinema yapelekewe toleo lililorekebishwa wakati filamu ishaanza kuonyeshwa.