Maswali na Majibu: Themostati ya Datsun 240Z na dhana ya "kifaa cha nchi za baridi"

SWALI: Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na mjomba, na ninaifufua pole pole hapa Nakuru. Miezi michache iliyopita ilichemka nilipokuwa nikipanda Kinungi kuelekea Nairobi. Fundi akaondoa themostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, akaniambia kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, kisha akajaza maji ya bomba. Sasa nikiteremka kwenda Naivasha mshale wa joto hauinuki, petroli inaisha upesi, na nikikwama kwenye msongamano mjini gari linachemka vilevile. Fundi wa pili alifungua kifuniko cha oili, akaona utando mweupe, akasema silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda, ichongwe, na nitie oili nzito zaidi. Nifuate ushauri upi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Silinda hedi isiguswe kwa sasa. Nunua themostati mpya na uirudishe mahali pake, kisha ndipo uanze kutafuta kilicholichemsha gari siku ile, kwa sababu fundi wako wa kwanza hakukitafuta. Aliondoa kifaa ambacho hakukipima, akauacha ugonjwa ndani.

Dai kwamba themostati ni ya nchi za baridi nimelisikia katika gereji nyingi mno, na subira yangu juu yake imekwisha. Kitabu cha ufundi cha magari haya kinataja themostati za aina tatu: inayofunguka kwenye nyuzijoto 88 kwa nchi za baridi kali, 82 kwa hali ya kawaida, na 76.5 kwa nchi za tropiki. Watengenezaji walizifikiria nchi kama zetu, na walichotuandalia ni themostati inayofunguka mapema zaidi; hawakuandika popote kwamba tundu liachwe wazi. Na hawakuwa wageni wa mazingira yetu, kwani 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta.

Kosa la msingi ni kudhani kwamba themostati huzuia maji yasipoe. Injini ikishapata moto, valvu yake hufunguka na maji hupita kwenda kwenye rejeta ili yapozwe. Kuanzia hapo joto hutegemea rejeta na kifuniko chake, feni na pampu, na rejeta iliyoziba haizibuki kwa sababu valvu iliyo mbele yake imetupwa. Tena kizuizi kile kidogo kina faida hata kikiwa wazi kabisa, kwa kuwa huiwezesha pampu kutunza shinikizo la maji ndani ya hedi, na shinikizo hilo husaidia kuzuia mapovu ya mvuke yasijikusanye karibu na valvu za moshi. Injini yako ya L24 ina silinda sita katika mstari mmoja na pampu yake iko mbele, kwa hiyo silinda ya tano na ya sita, zilizo nyuma, ndizo za kwanza kuumia mambo yakiharibika.

Sasa tazama madhara ya kuendesha injini ikiwa baridi, ambayo ndiyo unayoyaona ukiteremka kwenda Naivasha. Petroli inayotoka kwenye kabureta zile mbili haigeuki mvuke ipasavyo. Sehemu yake hujibandika kwenye kuta za silinda, ikasafisha utando wa oili unaozilinda ringi za pistoni, kisha ikachuruzika hadi kwenye sampu, beseni la oili lililo chini ya injini. Maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, ambayo katika injini yenye joto la kutosha yangetoka kama mvuke, hubaki ndani na kuchanganyika na oili. Matokeo yake ni ule utando mweupe, kama krimu, unaoganda chini ya kifuniko cha oili. Utando huo huo ndio uliomfanya fundi wako wa pili ahukumu kwamba hedi imepinda! Huenda dalili aliyoiona ilitengenezwa na mwenzake aliyemtangulia. Vuta kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili iliyo kwenye kijiti ni safi na utando uko kwenye kifuniko tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unaona unyevu wa injini baridi na si maji yanayovuja kutoka kwenye gasketi iliyo chini ya hedi.

Kuhusu chanzo chenyewe, ningeanza na kifuniko cha rejeta kwa sababu ni cha bei nafuu na hupuuzwa. Kifuniko cha gari hili hushikilia shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita mraba. Ukiwa juu ya Kinungi, mahali palipo karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 91 hivi. Kifuniko kizima huyafanya yachemke kwenye nyuzijoto 114 hivi. Kifuniko ambacho springi yake imechoka hukunyang'anya zaidi ya nyuzijoto 20, na mtu wa Mombasa anaweza kukaa na kifuniko kama hicho kwa muda mrefu bila kukihisi, ilhali wewe wa nyanda za juu kitakuumbua katika mpando wa kwanza.

Baada ya hapo, ipime rejeta. Injini ikiwa moto, tumia kipimajoto cha miale kupita juu ya uso wake wote. Sehemu iliyo baridi kupita kiasi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Rejeta ya asili ni ya shaba na inaweza kufunguliwa, kuzibuliwa kwa vijiti na kulehemiwa upya na fundi wa rejeta anayeijua kazi yake, kwa hiyo usikubali kuwekewa ndogo iliyotoka kwenye gari jingine. Kwa kuwa gari huchemka pia likisimama, angalia feni, mkanda wake, na kiungo chake cha majimaji ikiwa kipo. Kagua pia taimingi, kwani moto wa plagi unaochelewa huipasha injini joto kuliko watu wanavyodhani. Geji yenyewe, ile inayoonyesha joto na shinikizo la oili ndani ya duara moja, ina umri wa zaidi ya miaka 50. Usiiamini kabla ya kuilinganisha na kipimajoto.

Themostati mpya ipime kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, na utazame inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Wakati wa kuijaza injini, inua pua ya gari na ufungue hita ili hewa itoke. Maji ya bomba yamwagwe yote. Bloku ya L24 ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya aluminiamu, na metali hizo mbili zikikaa ndani ya maji matupu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Maji ya Bonde la Ufa, ambayo wingi wa madini yake unajulikana, huongeza ukoko juu ya hasara hiyo. Weka kulanti, dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, na ubadilishe kila baada ya miaka miwili. Wanaotia bizari ya manjano au ute wa yai kuziba mvujo wanaziba mirija ya rejeta kwanza, na mvujo baadaye. Oili nzito nayo haitibu joto la maji. 20W-50 iliyo bora inatosha.

Nirudi kwenye hedi, kwa maana hapa ndipo magari haya yanapouawa. Hedi hukubaliwa kuchongwa baada ya vipimo: mgandamizo wa silinda zote sita, dawa inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi ndani ya rejeta, na hatimaye rula iliyonyooka na vipande vya kupimia nafasi, ambapo kupinda kunakozidi milimita 0.1 ndiko kunakohitaji kazi. Fundi anayetamka "ichongwe" kabla ya kupima anauza huduma ya mashine tu. Kamshafti ya L24, mhimili unaofungua valvu, iko juu ya hedi, imeshikwa na nguzo zilizotobolewa kwa pamoja zikiwa zimefungwa juu ya hedi hiyo hiyo. Ndiyo maana kitabu kinakataza kuzilegeza ovyo. Hedi iliyopinda imepinda chini na juu. Ukichonga upande wa chini peke yake, uso unaokalia gasketi utanyooka lakini nguzo zitabaki zimepinda, na kamshafti itazunguka kwa kubanwa hadi ijile au ivunjike. Aidha, kila unachokwangua huishusha kamshafti karibu na krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, cheni inalegea na taimingi ya valvu inachelewa. Gia ya kamshafti ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3 ya kurekebisha hali hiyo kwa kiasi, na yakiisha yameisha.

Kwa hiyo wale wanaotafuta 240Z ya kununua, au 260Z na 280Z zilizofuata, ambazo zina injini za ukoo huo huo wa L, wasishughulike na rangi kwanza. Waulize kama themostati ipo. Wafungue kifuniko cha valvu na kutazama gia imefungwa kwenye tundu namba ngapi. Kisha wapime kimo cha hedi, kutoka uso wa bloku hadi uso unaokaliwa na kifuniko cha valvu, ambacho kwa hedi isiyochongwa ni karibu milimita 108. Muuzaji asiyekubali hedi ipimwe, bei ya gari lake ihesabiwe kana kwamba halina hedi.