Tulipima mafuta au tulijaribu mafuta?

SWALI: Nafundisha baiolojia wilayani Kongwa, Dodoma. Wanafunzi wameandaa bango la Kiswahili kwa siku ya wazazi, wakieleza walivyokitambua kimiminika wasichokijua kwa kutumia ethanoli (aina ya alkoholi) na Sudan III (rangi nyekundu inayoyeyuka katika mafuta). Mmoja ameandika: "Tulipima mafuta katika kimiminika X, ikaonekana mafuta imo." Mwalimu mwenzangu anataka iwe "tulijaribu mafuta". Lipi sahihi?

JIBU: La mwenzako ndilo baya zaidi, Mwalimu. Kujaribu mafuta ni kuyapikia au kuyapaka uone kama yanakufaa. Jaribio ni neno zuri la maabara, ila kitenzi chake hakitui vizuri hapo.

Kupima kuna haki yake. Tunapima malaria, tunapima mimba, wala hakuna anayedhani tunatafuta kilo. Shida ni huyo jirani yake, mafuta. Mzazi aliyezoea kununua mafuta ya alizeti ya kupima gengeni akisoma "tulipima mafuta" atauliza lita ngapi. Basi mtaje mnachokitafuta: "tulipima kuona kama kimo", au kwa ufupi zaidi, "tulichunguza kama kimo".

Kimo nini? Hapa nitawaudhi wapenda Kiswahili sanifu: lipidi, yaani kundi la vitu kama mafuta ya kula na nta, visivyoyeyuka majini. Mafuta ni neno pana mno huku, finyu mno kule. Mafuta ya taa ni mafuta lakini si lipidi. Nta ni lipidi lakini hakuna anayeiita mafuta. Tena Sudan III huyeyuka hata kwenye mafuta ya taa ikayafanya mekundu, kwa hiyo anayesema "X kina mafuta" anaweza kuwa amesema kweli na bado asijulikane amegundua nini.

"Mafuta imo" nalo lifutwe. Ni mafuta yamo, kama yalivyo maji na maziwa, hata kama kila kijiwe siku hizi kinasema "mafuta imepanda".

Lakini kinachonisumbua zaidi katika sentensi ile ni jambo ambalo hukuliuliza: "ikaonekana mafuta". Hayakuonekana. Mlitikisa kimiminika pamoja na ethanoli, mkaongeza maji, mkaona weupe. Lipidi huyeyuka katika ethanoli lakini haziyeyuki majini. Maji yakiingia, hujitenga kuwa vitone vidogo sana vinavyotawanya mwanga, ndiyo maana mchanganyiko hugeuka mweupe kama maziwa. Jicho limeona weupe, lipidi imekisiwa na akili. Tumieni "tuliona" kwa la kwanza, na "inaashiria" kwa la pili, msiyachanganye katika kitenzi kimoja.

Kwa Sudan III andikeni "tabaka jekundu lilijitenga juu", si "tabaka nyekundu". Mkipenda pete badala ya tabaka, hapo ndipo nyekundu inakubalika.

Bango lisomeke hivi: "Tulichunguza kama kimiminika X kina lipidi. Tulikitikisa pamoja na ethanoli, kisha tukaongeza maji. Mchanganyiko uligeuka mweupe kama maziwa. Tulipotia Sudan III katika sehemu nyingine ya X na maji, tukatikisa na kuacha itulie, tabaka jekundu lilijitenga juu. Matokeo haya yanaashiria kuwa X kina lipidi."