Mwanangu, usitupe ndoano bila leseni

Baba, voisi yako nimeisikiliza mara mbili maana hapa sokoni Mbuyuni kelele hazina mwisho. Unasema mwenzako unayekaa naye huko Leeds anataka Jumamosi mwende mtoni kuvua, eti leseni ya nini kwa fimbo moja tu, afu na wewe ukaniuliza mbona babu yako alivua bwawa la Nyumba ya Mungu maisha yake yote na hakuna aliyemgusa.

Nani kakudanganya hakuguswa? Ulikuwa mdogo tu. Hata mimi nilishanyang'anywa ndoo mbili za perege, vidogo kama kiganja cha mtoto, vya kokoro, ule wavu uliokatazwa, na nilijua kabisa ila bei ilikuwa tamu. Siku hiyo hata nauli ya kurudi Moshi sikuwa nayo, konda ndo akanihurumia.

Sasa jana nimemwambia mdogo wako afungue tovuti ya serikali ya huko, akawa ananisomea huku naparua magamba. England ukishafika miaka 13 unatakiwa leseni kuvua kwa fimbo samaki wa maji baridi, iwe mto, bwawa au mfereji. Iko ya siku 1, ya siku 8 na ya mwaka, unalipia hapo hapo mtandaoni, na kila mtu na yake, ya mwenzako haikufuniki. Ukidakwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Piga hesabu kwa shilingi mwenyewe, mimi nimeshindwa nikaendelea na magamba yangu.

Afu leseni haikupi maji. Bwawa lina mwenyewe, au lina klabu, nao wana kibali chao cha kulipia, hicho ni tofauti.

Ila kilichonishtua ni tarehe, baba. Mito ya huko samaki wa kawaida hawavuliwi kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni, wanaachwa watage, na leo tuko Mei, kwahiyo hiyo Jumamosi yenu ya mtoni haipo hata mkiwa na leseni kumi. Mabwawa mengi ndo yako wazi, huko mkaulize.

Na usiende na sufuria kichwani. Mimi nilinyang'anywa kwa sababu ya vidogo, kumbe huko mtoni vikubwa ndo unarudisha! Pike, samaki mmoja wa huko, kwa siku ni mmoja tu na asizidi sentimita 65, vile vidogo visivyozidi sentimita 20 unaruhusiwa 15. Bwawani mwenye bwawa ndo anasema, wengine hawataki utoke hata na mmoja.

We nunua ya siku 1 kwanza, ukinogewa ndo uchukue ya mwaka. Ukimpata mkubwa mpige picha kabla hujamrudisha unitumie, kuna mama hapa meza ya pili anabisha kwamba Ulaya samaki ni wa kwenye makopo tu.